Komeo la Nje

Shoga, hebu nikusimulie ya leo.

Nimemrudisha yule binti wa kituoni kwetu, pale tunapotibu wagonjwa wa akili, kwa mama yake, matibabu yamekwisha. Mama kamwandalia chumba kizuri, mashuka mapya, pazia jipya. Na komeo. Nje ya mlango!

Nikamuuliza taratibu, "Mama, hili la nini?"

"Si nililiona kwenu nilipokuja kumtembelea? Sitaki mwanangu ajione mgeni."

Kwetu, shoga! Sisi tunawafungia usiku kwa usalama wao, mama wa watu kadhani ndiyo dawa yenyewe. Ningemlaumu vipi?

Nikaomba bisibisi. Akacheka, "Haya fundi, usinivunjie mlango tu." Nikalihamishia komeo ndani, nikamwita binti.

"Njoo ujaribu, mdogo wangu. Sasa utafunga na kufungua mwenyewe."

Hakuligusa. Akakaa kitandani, mikono magotini, vilevile tulivyowafundisha wakae tunapopita kukagua.

"Dada, sasa nani atanifungia?"

Nani atanifungia! Kwa sauti ya upole kabisa, ndani ya nyumba ya mama yake.

Mama akaacha kucheka. Hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi, naye akingoja nijibu.