Mti wa Makaburini Sebuleni kwa Bosi

Kyebando, Kampala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, bado inavimba asubuhi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna raha. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Unajua nafanya usafi kwa mama mmoja huko Mbuya. Sebuleni kwake, ndani ya chungu kinachong'aa, kuna ule mti tunaoupanda makaburini. Ule ule, wenye majani kama ya mahindi! Kila siku naupangusa vumbi, jani kwa jani. Siku ya kwanza niligoma kuugusa. Bosi akacheka: "Wewe Mukongo, hiyo maua tu! Iko mzuri kwa nyumba." Nikapangusa huku nasali kimoyomoyo.

Juzi ulikaribia dari, akaukata kichwa, akaniambia nikitupe. Roho ilikataa. Nilikuja nacho nyumbani nikakipanda kwenye kopo, pale mlangoni.

Hapo ndipo nilipokosea. Mama Furaha, jirani yangu Mkongomani, alipokiona aliangusha ndoo. "Yoo! Ni nani alikufa kwenu?" Kabla sijajibu, alishawaita wenzake. Walikuja na makaa, sukari na mikeka, wakaketi, wakaimba nyimbo za msiba. Ningesema tu kwamba ni maua ya bosi, wangecheka wakaenda zao. Sikusema.

Sikusema kwa sababu ni kweli tumefiwa, Mama. Kaka Bahati hayupo. Mwanamume aliyekimbia naye vita alinikuta kanisani, sasa ni mwezi wa pili. Alimzika yeye mwenyewe, msituni, kwa jembe la kuazima. Nami nikaendelea kukuandikia kwamba bado tunamwulizia. Nisamehe. Niliogopa, na uoga wangu umekufanya uwe wa mwisho kulia.

Watu baki wamemlilia siku mbili, wewe uliyemzaa bado unamwekea sahani.

Msalimie baba mdogo, na shangazi wa ng'ambo ya mto. Mke wa Kaka mwambie wewe mwenyewe, ukiwa umemshika mkono, asije akasikia kisimani.

Kisha kata tawi pale kaburini kwa Baba, ulipande kando yake. Na jioni, ile sahani yake ipakue kama kawaida, umpe Neema, ale chakula cha baba yake.

Ni mimi mwanao,
Zawadi