Nyumba ya Ilembo Nikifa

Jumapili, 4 Agosti 1996
Wiki ya tisa tangu nitoke nyumbani Ilembo. Kambi ya mbao, Ugalla. Leo hatupasui. Nimefua shati, nimekaa, mgongo unauma.

Habari mbaya. Yohani, mwenzetu aliyeangukiwa na mti wa mninga akafa mwezi uliopita — kaka zake wamefika kwake wamebeba baiskeli, msumeno, hata mabati wameng'oa! Mkewe kaambiwa arudi kwao. Arobaini haijafika.

Nimemfikiria Vestina. Miaka saba tuko pamoja, ndoa hatujafunga. Tena ni Mrundi wa makazi ya Katumba. Kaka yangu Gaspar alishasema mbele ya watu: mkimbizi harithi kiwanja. Alikuwa amelewa. Lakini alisema.

Jumanne, 6 Agosti
Nimeandika wosia. Darasa la nne langu limetoa jasho. Nyumba nimempa Vestina yote. Si tofali alizibeba yeye kichwani, na mimba ya Dieudonne, huku anaimba? Mimi ndiye niliyekuwa nalia kiuno.

Nikamsomea Nyanda, Msukuma ninayepasua naye. Yeye husimama juu ya gogo, mimi chini shimoni nakula vumbi. Kaniuliza kutoka huko juu: na Bernadetha je, mtoto wa marehemu mkeo Lucia? Vestina akiolewa na mwingine, binti atalala wapi?

Nikamwambia vuta msumeno wewe. Ila kasema kweli.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimechana. Nimeandika upya. Nyumba ni ya watoto wote wawili, Bernadetha na Dieudonne, sawasawa. Vestina akae humo mpaka afe, asitolewe na mtu. Shamba la Kakese walime wote. Mizinga yangu kumi na miwili ya nyuki ni ya Vestina, asikose cha kuuza.

Roho imetulia. Watu sita wa kambi wameweka dole gumba. Nyanda kaweka yote mawili, eti iwe na nguvu!

Jumapili, 11 Agosti
Katekista kaja kusalisha. Zamani alikuwa mzee wa baraza mahakamani, nikamwonyesha karatasi. Kacheka mpaka kashika mbavu. Vidole saba na ndugu hata mmoja hamna! Kasema lazima asaini na mtu wa ukoo, tena asiyerithi kitu. La sivyo, Gaspar ataisokotea tumbaku.

Ukoo wangu ni Gaspar na dada Hilaria, basi. Na Hilaria alikuwa rafiki wa Lucia kabisa. Hajawahi kumwita Vestina wifi.

Nimempa dereva wa lori la mbao barua ya Hilaria, na nakala ya wosia.

Jumapili, 18 Agosti
Dereva karudi. Anamwigiza Hilaria, mikono kiunoni: "Mwambieni kaka yangu sisaini vitu vya porini! Aje asome mwenyewe, Gaspar amekaa pale, Vestina amekaa pale." Halafu kauliza: huyo mama akizeeka humo ndani, nani atamchotea maji? Niongeze kwamba watoto wamtunze.

Hilaria! Kasema "huyo mama", hakusema "mkimbizi".

Lakini sasa Vestina kajua. Kanitumia unga wa muhogo na maneno makali. Eti nyie wanaume mnagawa nyumba kama mmeshakufa. Na mizinga ya nini? Hujui naogopa nyuki, miaka saba unalala na nani?

Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 21 Agosti
Mizinga nimeifuta, nimemwandikia Dieudonne. Pesa ya asali agawane na mama yake. Ya kutunzwa nimeongeza. Na mbele ya jina la Vestina nimeandika: mke wangu. Sijawahi kuliandika neno hilo. Nimelitazama sana.

Gaspar kapelekewa habari. Kajibu atakuja, na hatakuja peke yake. Nyanda anasema nimchukue yeye, ana mwili. Nimekataa — nitasoma tu, kwa sauti, mpaka mwisho.

Lori linatoka Ijumaa. Jumamosi tarehe 24, kabla ya chakula cha mchana, nitakuwa Ilembo.