Ufunguo wa Karani

Jumatatu, 2 Juni

Tumeanza kubandua plasta kwenye jengo la ile kampuni ya wakoloni. Mwenye mali anataka hoteli. Mimi ndiye msimamizi — na mjukuu wa Karani! Babu alifanya kazi humu. Hata nyumbani hatumwiti jina lingine. Mama ametunza ufunguo wa ofisi yake, mrefu kama kijiko cha kupakulia. Kila Ijumaa anaupaka mafuta. Mdomo huponza kichwa: nimemwahidi mwenye mali kwamba Jumamosi, mbele ya wageni, Mama ataufungua mlango wa babake.

Jumanne, 3 Juni

Nimejaribu ufunguo milango yote kumi na minne. Wapi! Fundi ananitania: labda babu yako ofisi yake ilikuwa mbinguni.

Jumatano, 4 Juni

Fundi kagonga ukuta wa chini, nyuma ya ghala. Kuna uwazi. Tukatoa matofali — mlango wa chuma. Ufunguo ukazunguka bila kelele. Mafuta ya Mama hayo.

Hakuna dirisha. Mtu mzima hawezi kulala akanyoosha miguu. Ofisi gani hii? Kwa ndani mlango hauna hata tundu la ufunguo. Umekwaruzwa, chini kabisa, karibu na sakafu: KARANI MAJI. Mara nne. Ya mwisho haikumalizika.

Fundi akavua kofia. Babu yake alikuwa mpagazi hapa, alisimulia kwamba waliochelewa kazini walifungiwa. Yeye alidhani ni hadithi ya kutishia watoto. Hakunitazama.

Kikulacho ki nguoni mwako, Mama hupenda kusema. Hajui ni nguo ya nani.

Alhamisi, 5 Juni

Mwenye mali kaja, kasoma. Kagusa ukuta. Halafu: ubaridi huu utafaa kuhifadhi mvinyo! Mlango upigwe msasa, upakwe rangi, Mama afungue huohuo. Fundi kakataa. Kaniambia nishike msasa mwenyewe, si mimi ndiye mwenye ufunguo?

Na nikaushika! Nimefuta zile tatu za kwanza. Ile ya nne, isiyomalizika, mkono umegoma. Najichukia.

Jumamosi, 7 Juni

Jana nilipanga kumwambia Mama. Nikamkuta anausugua ufunguo, anaimba. Nikala, nikalala. Mwoga mkubwa mimi.

Sasa ameshavaa gauni jipya. Kauliza mlango unafunguliwa kwa ndani au kwa nje. Kwa nje tu, Mama. Akafurahi: basi wageni wote wataniona.

Nimejifungia chooni naandika. Anagonga. Toka mwanangu, anasema, tutachelewa.