Kamera ya Pili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti linalokusumbua wakati wa baridi limekupa nafasi ya kupumua. Kazi ya kuziba pancha inakwendaje? Na yule fundi mwenzako anayekoroma mchana kweupe, bado mnagombania redio? Mimi sijambo kabisa. Nakula vizuri, na gauni langu la kijani limeanza kulalamika kwenye mishono.

Nina wiki kumi na moja za ndoa, Baba, na bado nikiamka asubuhi namtazama kwanza mume wangu kuhakikisha kwamba ni wa kweli. Usinicheke. Akioga anaimba vibaya mpaka jirani anagonga ukuta. Chai yangu anaipuliza yeye ipoe. Akienda dukani kununua sabuni hufika kwenye kona, kisha hurudi kuniaga tena, eti mara ya kwanza hakuniaga vizuri. Sikujua kwamba mtu anaweza kupendwa hivi kwenye nyumba ya vyumba viwili. Nakueleza haya mapema ili ujue ninachoogopa kupoteza, maana naogopa mno. Nitakwenda taratibu, kwa sababu nikianza na mwisho utaichana barua.

Kwanza hili: siku ya harusi nilikuona. Ulisimama mlangoni mwa ukumbi ukiwa umeshika kofia kwa mikono miwili, muda mfupi tu, kisha ukaondoka. Sijui nani alikuelekeza. Sikukualika, nawe hukuniuliza kwa nini. Nilikuona, nikageuza macho kama mtu aliyemwona mpita njia. Mume wangu hakujua. Kuna jambo nimemficha tangu tujuane, nalo linakuhusu wewe, na tangu siku ile nimekuwa nikiomba asilijue kamwe.

Sasa nikueleze kazi yake. Anahariri filamu. Wenzake wanamwita Mkasi, ingawa siku hizi hakuna kinachokatwa kwa mkasi, yote ni kompyuta. Chumba chetu cha pili ndiyo ofisi: kompyuta moja, vioo viwili vya kuonyeshea picha, na godoro kuukuu limeegemezwa ukutani kuzuia kelele. Miaka kumi na moja alikuwa anahariri video za harusi na matangazo ya biashara. Safari hii amepata filamu nzima, tena ya kutisha. Mwanamke yuko peke yake nyumbani, na mtu asiyejulikana anapanda ngazi. Nilimuuliza kama hadithi ni hiyo tu, akacheka mpaka akakohoa. Akasema watu hawamwogopi mtu anayepanda ngazi, wanamwogopa anayewachelewesha kumwona.

Basi akanifundisha, nami nikawa namletea chai ili nikae nitazame. Kipande cha mwanamke anaosha vyombo, kipande cha kiatu kwenye ngazi. Mwanamke, kiatu. Kila kipande kifupi kuliko kilichotangulia, mpaka moyo wako unakimbia bila kuambiwa. Mlio wa kitasa anauleta kabla ya picha ya kitasa, ili sikio liogope kwanza na jicho lifuate. Kisha, pale unapotaka kuona mlango ukifunguka, anakunyima. Anakubakizia uso wa mwanamke, unangoja. Mimi nilikuwa nampiga bega nikimwambia aonyeshe basi, na yeye anahesabu nimekaa sekunde ngapi bila kuvuta pumzi. Aliniita mashine yake ya kupimia.

Shida ilikuwa huo uso. Mwigizaji alikuwa mzuri kwa kila kitu isipokuwa hofu. Muongozaji, mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alisema huyo dada anaogopa kama mtu aliyekumbuka kwamba hakutia chumvi. Na fedha ya kurudia kupiga picha haikuwepo. Siku moja mume wangu akaniuliza kama ninaweza kumwazima uso wangu kwa sekunde mbili, kutoka kwenye picha za harusi yetu. Nilifurahi kama mtoto. Nikakubali bila kuuliza ni uso upi.

Alipouweka, muongozaji aliruka kwenye kiti. Mume wangu alikuwa amekata shela na mashada, akabakiza macho na mdomo. Mlango unalia, kisha mimi. Baba, nilijitazama na mwili ukanisisimka. Mzee yule akauliza mwanamke huyu alikuwa anatazama nini, mume wangu akajibu kwa majivuno kwamba alikuwa anamtazama bwana harusi. Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, ila nikakusanya vikombe vya chai haraka nitoke.

Mzee alipoondoka, kicheko kiliisha. Mume wangu aliurudia uso ule mara nne. Kisha akasema, kwa upole wake, kwamba yeye alikuwa amesimama kulia kwangu na mimi nilikuwa natazama mbele, mlangoni. Akasema amekata nyuso miaka kumi na moja, na anajua uchungu ulivyo na hofu ilivyo. Saa ile nilipaswa kuwa na uchungu, na usoni kwangu kuna hofu. Ni saa gani ile, nitakuambia muda si mrefu. Akaongeza kwamba ukishaonyesha macho, lazima uonyeshe kilichoonwa. Mwenzake mmoja alikuwa na kamera ya pili nyuma ya jukwaa, iliyoelekea mlangoni, na picha zake hazijawahi kufunguliwa. Akasema ataziangalia Jumapili.

Siku tatu zilizobaki sikuwa na raha. Nilipika nikaunguza, nikaitwa nisiitike. Jumamosi, alipotoka, niliingia ofisini nikaitoa kadi ya kamera ile kwenye droo. Ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Nilikwenda nayo jikoni, nikafungua bomba, nikaishika juu ya sinki. Maji yanatiririka, nami nimesimama tu. Nikawaza kwamba ndani ya kitu hiki kidogo ndimo ilimo picha pekee ya baba yangu kwenye harusi yangu. Nikafunga bomba, nikaikausha kwa kanga, nikairudisha.

Jumapili mchana alifunga mlango wa ofisi ili asikie vizuri. Mimi nilikuwa chumbani napiga pasi mashati yake. Kuziunganisha kamera mbili, huwa anatumia sauti: anatafuta kishindo kimoja kilichosikika kwenye zote, anakisogeza mpaka vilingane. Alitumia kigelegele cha shangazi. Nilikisikia mara mbili, kimoja huku, kingine nyuma yake, kama harusi mbili zinafukuzana. Kimya. Tena mara mbili, karibu zaidi. Kimya. Tena. Kila mara pengo linapungua, na mimi nahesabu kama nilivyofundishwa. Kisha nikakisikia kimoja tu, safi. Nilijua sasa anaona nilichokiona siku ile. Shati la bluu liliungua kifuani pale pale.

Akaniita. Hakuita kwa hasira, Baba. Ilikuwa sauti ile ile ya kuniaga mara ya pili.

Kwenye kioo cha kushoto nilikuwa mimi na macho yale. Kwenye cha kulia ulikuwa wewe, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Akasema huyu mzee ana paji langu la uso, ni nani? Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nimeuzoea. Nikasema ni baba yangu.

Sasa nakuungamia wewe, kama nilivyoungama kwake. Ulipofungwa jela kwa ile ajali ya lori nilikuwa kidato cha pili. Darasani walikuwa wakiniona wananguruma kama lori, wanaulizana nani leo atagongwa na mlevi. Nilipohamia mji huu, mama mwenye nyumba aliniuliza habari za baba, nikajibu kwamba alikufa kwenye ajali ile ile. Ikatoka kirahisi. Baada ya hapo nikamwambia kila mtu. Nikamwambia yeye pia, tulipokuwa tunachumbiana, akalia, akanifuta machozi ya msiba usiokuwepo. Shangazi alijua. Usimlaumu, nilimpigia magoti anyamaze.

Ulipofika mlangoni siku ile, ukumbi mzima ulikuwa umesimama kimya, vichwa vimeinama. Nafikiri ulidhani ni sala. Baba, mshereheshaji alikuwa ameomba dakika moja ya ukimya kumkumbuka marehemu baba wa bibi harusi. Walisimama kwa ajili yako. Na kamera ya pili imenionyesha nisichokiona siku ile kwa kuwa nilikuwa nimegeuza macho: ulipowakuta wameinama, nawe uliinamisha kichwa. Walipomaliza na kupiga makofi, ulipiga makofi pamoja nao, shangazi akapiga kigelegele chake, ukamwomba radhi mhudumu mwenye trei uliyemzibia njia, ukaenda zako.

Niliomba mume wangu anitukane. Yeye aliuliza swali moja tu: kama wewe mwenyewe una habari kwamba ulikufa. Nikasema huna. Akazima vioo vyote viwili, akasema hawezi kuzungumza nami kuhusu kusamehe wakati mwenye haki ya kwanza hajaambiwa. Niandike, ningoje jibu, ndipo tutakaa tuzungumze. Tangu Jumapili anakula ninachopika, ananijibu nikimsalimu, na akitoka haniagi hata mara moja.

Hayo ndiyo yangu, Baba. Sikuombi uniokoe. Ukiandika kwa hasira, nitampa barua aisome yote. Usipoandika, nitamwambia hukuandika.

Mahali hapa mtu huandika kwamba mumewe naye anatuma salamu. Nilimuuliza asubuhi kama niziandike. Akasema zake atazileta mwenyewe kwa mkono, kama mzee atakubali kumpokea. Zangu ni hizi, nyingi, pamoja na shikamoo nyingine kwa ile niliyokunyima siku ya harusi.

Ni mimi mwanao,
Kifungua mimba wako