Radhi za Shabani Ninazo Mimi

Mama,

Nakusalimu kwa ile salamu wanayopewa walio makaburini, na shikamoo naiongeza kwa mazoea tu, maana najua safari hii hutaitikia. Habari yangu ni moja na sitaizungusha. Mwanao Shabani ameanguka udiwani. Mji wake huko Uingereza umehesabu kura ukamweka wa tatu, nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa dereva wa basi, na nyuma ya mwanamke ambaye Shabani mwenyewe alituambia hajulikani hata na majirani zake. Nimefurahi, Mama. Nakwambia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia. Dada mtu kufurahia mdogo wake kubwagwa, tena mama yao bado hajazoeleka kuitwa marehemu, watu watanitafuna.

Matokeo yalitufikia kwenye arobaini yako. Wenzetu kule walipiga kura Alhamisi, wakahesabu Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo baada ya sala ndiyo nilikuwa nimeita watu waje kukusomea hitima hapa nyumbani Fordsburg, huku kusini mwa Afrika. Nilitaka siku hiyo iwe yako. Haikuwa yako. Bi Zuhura, yule anayeuza udi meza ya pili kutoka kwetu, aliingia mlangoni akinipa pole kwa mkono mmoja na simu ameishika kwa mkono wa pili. Tangu Shabani agombee, watu wa kwetu pale sokoni walikuwa wameshaniita dada wa mheshimiwa. Kila mwenye matatizo ya pasi alikuja na ombi lake: mwambie diwani atuandikie barua tupate viza. Walidhani diwani wa Uingereza ni kama diwani wa kwetu Tanga, ambaye muhuri wake unafungua mlango wowote. Niliwaambia diwani wa kule kazi yake ni mapipa ya taka na mashimo ya barabarani. Wakasema nina wivu.

Maalim alipomaliza dua na pilau ilipotua, simu ya Bi Zuhura ilisimamishwa ikaegemea bilauri ya maji, na mjukuu wako Salma akaombwa asome, kwa kuwa Kiingereza ndicho anachokula na kunywa. Akasoma wa kwanza. Akasoma wa pili. Alipomfikia anko wake, Bi Zuhura alisema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" kwa uchungu ambao kwako hakuutoa. Mikono ilirudi kwenye pilau polepole. Mama Furaha, msusi wa Kikongo wa ghorofa ya chini, Mkristo wa watu aliyetuazima viti vya saluni yake, akanishika bega: "Eish, mama, ule mudogo yako balimuangusha mubaya. Lakini usilie." Sikuwa nalia. Nilikuwa nimeinamisha uso ili wasinione.

Usiniulize chuki hii imetoka wapi, ulikuwepo ilipozaliwa. Ulikuwepo siku tuliyokwenda kuchukua dawa zako za presha tukakuta watu wamesimama kwenye geti la kliniki wanauliza vitambulisho, mwenye cha hapa apite, asiye nacho arudi kwao. Mmoja alikuwa binti wa umri wa Salma, amevaa fulana iliyoandikwa kwamba wenyeji kwanza. Ulitoa pasi yako kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mkubwa kitu, na yule binti akaitazama bila kuigusa. Tulirudi. Tulipofika ukavua viatu, ukakaa, ukasema, "Nimeulizwa mimi nani kama mwizi." Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nilikujibu hivyo nikijaribu kukuchangamsha, ukaniambia nikanyamaze huko.

Halafu kikaja kipeperushi cha Shabani kwenye simu. Amevaa koti la buluu, anachekea kamera, nyuma yake nyumba za matofali zimejipanga. Ulifurahia koti. Ukamwita Salma akusomee, naye akakufasiria kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Bibi, anko anasema watu wanakuja wengi sana, nyumba zimejaa, sasa basi. Wenyeji kwanza." Ukamwambia arudie. Akarudia. Wewe ambaye siku zote ulikaa ukisubiri Shabani akupigie, siku ile ulitaka upigiwe namba yake pale pale.

"Shabani, wewe kule ulipokewa na nani?" Ndivyo ulivyoanza, bila hata salamu. Akaeleza mambo ya chama, na kwamba ni maneno tu ya kutafutia kura. Ukamwambia, "Basi usinipigie mpaka uyafute hayo maneno." Hakuyafuta, na hakupiga.

Nisikie vizuri hapa. Zile wiki ndizo zilikuwa nzuri kuliko zote nilizoishi na wewe. Kwa mara ya kwanza mimi na wewe tulikuwa upande mmoja na Shabani yuko peke yake upande wa pili. Ulisema nyani haoni kundule, tukacheka mpaka ukapaliwa. Ulikuja na mimi sokoni ukakaa nyuma ya madera yangu, ukawa unawaambia wateja, huyu ndiye mwanangu. Sikulijua neno hilo kinywani mwako likinihusu mimi.

Mazishi simlaumu. Sisi huzika upesi, na Uingereza si Midrand hapo jirani. Lakini arobaini aliiahidi yeye mwenyewe, kwa sauti, maalim akisikia. Ilipokaribia akaniambia, "Dada, kura ni Alhamisi, chama hakitanielewa." Chama hakitamwelewa, wewe utamwelewa. Alikuwa na uhakika huo maisha yake yote, na huo uhakika ulimpa wewe. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ulikuwa unawaambia wanawake wenzako kuhusu watoto wao.

Jioni ya matokeo alipiga. Nilikuwa jikoni nakwangua ukoko. Hakuuliza hitima ilikwendaje, wala watu walikuja wangapi. Alinisimulia mzee mmoja ambaye yeye alikwenda kumgongea mlango kumwomba kura. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akampa mkono, akamwambia, "Nakubaliana nawe kabisa, kijana. Anza wewe." Nilicheka humo humo kwenye simu, Mama. Nilicheka kwa sauti. Yeye hakucheka. Nikasikia analia, na mimi sijamsikia Shabani akilia tangu alipotahiriwa.

"Dada, hizi si kura," akasema. "Ni Mama. Mama ameondoka hakuniwia radhi."

Wenzake wa chama wamemweleza sababu. Vipeperushi vilichelewa, mvua ilinyesha, yule dereva wa basi anajulikana na kila mtu. Hazimwingii. Miaka yote ya tai na mikutano, na ndani bado ni mtoto wa Ngamiani kule Tanga anayejua kwamba aliyekosa radhi za mama hata mchicha akipanda hauoti. Akaniuliza, "Alisema lolote kuhusu mimi?" Nikamwambia pilau inaungua, nitampigia. Pilau ilikuwa imeshaliwa yote.

Maana ulisema. Mimi na wewe tunajua kwamba ulisema. Alasiri ile ya mwisho, nimekuinua kidogo kwenye mto, uliniambia, "Mwambie Shabani nimemwia radhi, duniani na akhera. Usisahau." Usisahau, Mama? Nimewahi kusahau nini ulichonituma? Hasira iliyonipanda pale kitandani sijui kama uliiona. Hajafuta neno hata moja. Hajaomba msamaha. Ile kauli yenyewe, ya kina yule binti wa getini kliniki, bado imebandikwa kwenye madirisha ya watu kule ikiwa na picha yake. Na wewe umempa. Umempa bure, umenikabidhi mimi nikampelekee, nami ndiye niliyekuosha mgongo.

Sasa anapiga kila siku. Halali vizuri, mkewe kaniambia. Amemwomba maalim wetu dua nyingine, anataka na hitima ya kwake msikitini kule. Sentensi moja tu ingemtuliza, na sentensi hiyo ninayo mimi, na sitakuficha kwamba napenda kuwa nayo. Shabani hajawahi kuniomba kitu. Namsikia anavyoita "Dada, Dada," nami namwacha aite.

Nilimweleza Mama Furaha wakati ananisuka. Aliacha kusuka. "Ile maneno ya marehemu si ya kwako, mama. Iko ya mwenyewe. Utaipeleka." Nikamwambia anisuke tu. Lakini tangu siku hiyo neno hilo limenikaa rohoni.

Mengine ya hapa ni yale yale. Nguzo za barabarani zimeshaanza kuvaa sura za wagombea wa huku kwetu, na wapo wenye maneno kama ya mwanao, wameyatafsiri tu. Wakiandamana, soko linafungwa mapema na sisi tunapita uchochoroni na mabegi yetu. Salma, mwenye kitambulisho cha hapa alichokipata kwa baba yake, anasema atapiga kura na anajua atamnyima nani. Hilo limenifariji kidogo.

Kwa hiyo nakuahidi hivi, na ahadi kwa maiti haina ujanja. Nitampa radhi zake. Kwa simu, hapana. Atapanda ndege aje, nitampokea uwanjani nimpeleke moja kwa moja makaburini, kabla ya chai, kabla ya kuoga. Atasimama kwenye ule udongo mwekundu na viatu vyake vya mikutano, nami nitamwambia maneno yako kama yalivyo, duniani na akhera, bila kupunguza. Amana ni amana. Akisema ana kikao, abaki huko na hofu yake hadi kikao kiishe.

Namjua, atalia. Kisha atajifuta, na kwa kuwa ameshapata chake, atakuwa na adabu. Ataniuliza, "Na wewe Dada, ulipewa neno gani?"

Nitamwambia ukweli. Ulipomaliza habari yake uligeuza uso upande wangu, midomo ikacheza, nikainama nikaweka sikio karibu kabisa. Ukasema, "Funga dirisha, baridi." Nikaenda nikafunga. Niliporudi kitandani ulikuwa umeshakwenda.

Buriani, Mama.

Mwanaidi