Mpira Ambao Hakuna Aliyeuona

Jumamosi, mwishoni mwa Aprili. Miaka minne na ushee tangu niondoke Mpwapwa. Jua limetoka lakini halina kazi. Upepo wa huku unapita kwenye jaketi kama vile haujaliona. Nimerudi chumbani kwangu Richfield, jirani na uwanja wa ndege, nimevua viatu, mgongo unauma, ndege zinapita juu ya paa moja baada ya nyingine, na nimekaa kuwaandikia ninyi wa nyumbani kabla hata sijapika.

Shule sikufika mbali. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa. Nikiandika ovyo mtavumilia.

Lakini leo nimeona kitu, na nikikiacha mpaka kesho nitaanza kukipunguza.

Kazi yangu kipindi hiki ni nyasi. Wakati wa baridi tunakwangua theluji, ikiyeyuka tunahamia viwanjani: kukata, kumwagilia, kusawazisha udongo, kuchora mistari ya chokaa. Nafanya na Njoroge, Mkenya wa Nakuru, ambaye ndiye mkubwa wangu na ndiye anayeendesha pikapu. Ananiita Mbongo, utadhani mama yangu hakunipa jina. Kuna chuo upande wa Saint Paul ambacho tunautunza uwanja wake wa besiboli, na leo wazee waliosoma pale walikuwa na siku yao. Miaka mingine alikwenda Njoroge peke yake; safari hii tukaambiwa tuje wote, uwanja uwe safi.

Besiboli kwangu ulikuwa mchezo wa watu kusimama. Nimeutunzia nyasi miaka miwili bila kuuelewa. Mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa gongo, wengine wametawanyika uwanjani na glavu kubwa za ngozi wanasubiri kudaka. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, aliyepiga ametoka. Kwa habari ya leo, hilo linatosha.

Njoroge alinisimulia kisa chenyewe njiani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kikombe cha chai.

Zamani, wazee hawa wakiwa wanafunzi, walicheza na chuo cha wapinzani wao wakubwa. Mchezo ukiwa unakaribia kwisha, theluji ikaanza kumwagika. Theluji ya Aprili huku haimshangazi mtu, lakini hiyo ilikuwa nzito, matonge kwa matonge, mpaka waliokaa jukwaani wakawa hawauoni tena upande wa mbali wa uwanja. Ulikuwa umebaki mpira mmoja. Wageni wakiupiga ukaanguka chini, wameshinda. Ukidakwa, wenyeji wameshinda.

Mpigaji wa wageni akaupiga. Watu walisikia mlio wa gongo tu. Mpira ukapanda, ukaingia kwenye theluji, ukapotea. Kijana wa wenyeji aliyelinda kule nyuma kabisa akageuka akaukimbilia, naye akapotea.

Jukwaani watu wakasimama.

Halafu akatokea, anatembea taratibu, mpira uko kwenye glavu. Mwamuzi akamkimbilia, wakakutana katikati, akamuuliza swali moja. Kijana akajibu: nimedaka. Mwamuzi akainua ngumi juu. Mchezo ukaishia hapo.

"Na hakuna mtu aliona?" nikamuuliza Njoroge.

"Hata mmoja."

"Sasa walijuaje kama hakuuokota chini?"

"Hapo sasa, Mbongo. Hapo ndipo hawa wazee wamekwama mpaka leo."

Kila mwaka wanarudi pale pale. Kocha wa sasa anaupiga mpira juu, na yule kijana, ambaye sasa ni mzee, anasimama kule kule nyuma audake. Na wote waliokuja wanafumba macho. Kwa sababu siku ile hakuna aliyeona, basi na wao hawataki kuona. Wanangoja mpaka asikike akisema, ndipo wanafumbua.

Nilicheka. Nilisema wazungu wana mambo. Njoroge hakucheka.

"Usilete mzaha huko, bana. Mimi mara ya kwanza nilicheka pia. Utaona."

Aliyedaka anaitwa Merle. Mrefu, amepinda kidogo mabega, mikono mikubwa yenye madoa. Aliyepiga anaitwa Leonard. Huyu alisoma kile chuo cha wapinzani, lakini kila mwaka anakuja peke yake na kofia ya kwao kichwani, anasimama katikati ya watu waliomshinda, anakula soseji zao. Nilimwona pale wanapoegesha magari, karibu na jiko la mkaa, mimi nikishusha mpira wa kumwagilia maji kutoka kwenye pikapu.

"Habari yako, mwokotaji?" Leonard akamwambia Merle.

"Nzuri, mshindwa. Kula, usije ukasema na soseji tumekuibia."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kiingereza changu ni cha kazini lakini kwa utani wa wazee sikuhitaji mkalimani. Kisha Leonard akaweka sahani chini. Alisema binti yake anamhamishia Arizona, moyo wake hauwezi tena baridi, na kwamba hatakuja mwakani wala mwaka mwingine wowote. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nakuuliza mara ya mwisho, Merle. Nimezeeka na kitu hiki. Mimi ndiye niliyeupiga ule mpira, nilijua nimeupiga vizuri. Niambie tu."

"Nimekwambia tangu tukiwa na nywele. Nilidaka."

Leonard akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyerudi duka lile lile akajibiwa tena kwamba bidhaa hakuna.

Njoroge aliniweka kwenye kona ya uzio, kule nyuma, karibu na mahali anaposimama Merle. Mzee akiteleza niwe karibu, ndiyo kazi niliyopewa. Akanikumbusha pia nifumbe macho kama wengine. Nikaitikia.

Sikufumba. Naandika ukweli. Mwaka jana mpira wa aina ile ulinipiga begani nikiwa nachora mistari, nikashindwa kuinua mkono wiki nzima. Mtu aliyeonja mpira ule hafumbi macho ukiwa angani. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine ya heshima zaidi.

Jukwaa lilikuwa na watu kama wanaotosha kanisa dogo. Wazee wengi, wake zao, watoto wao ambao nao wana mvi. Walivua kofia. Nimezoea kuona watu wakifumba macho pamoja, Jumapili nasali na familia za Wakongo, lakini kule macho yakifumbwa sauti zinapanda. Hapa kila kitu kilishuka. Nilisikia upepo na kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Leonard alisimama pembeni ya kocha, pale pale alipopigia siku ile, kofia ameishika kifuani, macho amefumba kwa nguvu kama mtoto anayemwagiwa maji.

Nywele zangu za mikononi zilisimama. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshika reki tu.

Kocha akapiga. Siku hizi wanampigia mzee taratibu, mpira unapanda juu bila kwenda mbali. Ulipanda, ukafika pale unapoonekana kama umesita, na upepo ukausukuma. Merle akaenda hatua moja kushoto. Akaenda nyingine. Akanyoosha glavu. Mpira ukagusa ncha ya vidole vya ngozi, ukadondoka kwenye nyasi nilizokata mwenyewe asubuhi.

Ulitoa mlio mdogo sana. Mimi niliusikia. Kule jukwaani wasingeweza.

Merle aliutazama pale chini. Watu wote macho wamefumba, wanangoja. Ilibaki kuinama tu. Ainame, auchukue, auinue, aseme neno lile lile analosema kila mwaka, na siku ingekwisha vizuri, na Leonard angeenda zake Arizona. Mimi hakuniangalia. Nadhani alishasahau kama nipo. Mtu mwenye reki husahaulika haraka.

Moyoni nilikuwa namwambia: inama, mzee. Inama, nani atajua?

Hakuinama.

Alivua glavu, akasimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu, akapaza sauti.

"Sikudaka!"

Kisha tena, kwa sauti iliyokwaruza: "Umeanguka! Sikudaka!"

Wakafumbua macho. Mama mmoja aliweka mkono mdomoni. Nilidhani mambo yao yameharibika, miaka yote hiyo ya kuja na kufumba macho, na sasa mzee wao ameangusha mpira mbele yao. Nikaona aibu kana kwamba nimeuangusha mimi.

Ndipo nikamwona Leonard anakuja. Anatembea kwa fimbo, na uwanja ule ni mrefu kwa mtu wa umri wake. Mtu mmoja akainuka amsaidie, Leonard akamzuia kwa mkono. Jukwaa zima lilingoja. Kocha alingoja. Alipita kwenye udongo, akaingia kwenye nyasi, akapumzika kidogo, akaendelea. Alipofika, Merle alikuwa bado ameshika glavu mkononi. Walikuwa karibu nami kama kitanda hiki na mlango.

"Basi siku ile ulidaka," Leonard akasema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Miaka yote hii, Leonard. Miaka yote."

"Sasa ningejuaje? Hujawahi kukosa mpaka leo."

Merle alimtazama, mdomo wazi. Ilinichukua muda na mimi kuelewa. Kila mwaka alikuwa anauinua mpira na kusema nimedaka, na kila mwaka Leonard alikuwa anabaki pale pale, kwa sababu mtu anayesema nimedaka kila mara huwezi kujua kama angekiri siku akikosa. Leo ndiyo mara ya kwanza amesema sikudaka, peke yake, hakuna jicho juu yake, na hapo Leonard akapata alichokuwa anakitafuta tangu ujana.

Wakaanza kucheka. Kicheko cha kwanza kilikuwa cha kawaida, cha pili kikawa na machozi. Leonard akapapasa mifuko yake, hakupata leso, akajifuta kwa kofia ya chuo chake. Merle akasema hiyo ndiyo kazi pekee kofia ile imewahi kufanya vizuri. Leonard akamtukana tusi ambalo sitaliandika hapa.

Na mimi nililia. Sijui hata majina yao ya ukoo.

Kule jukwaani walikuwa hawajasikia neno, lakini waliwaona wameshikana mabega, wakaanza kupiga miguu kwenye mbao. Sauti ile ilikuja kwenye nyasi mpaka kwenye buti zangu.

Tukiwa tunarudi tulivuka daraja la mto. Njoroge akauliza.

"Wewe ulifumba?"

"Hapana."

"Ai! Kwa hivyo uliona."

"Niliona."

"Ungewaambia?"

Nikamwambia hakuna aliyeniuliza. Akafikiri, akawasha taa ya kukata kona, akasema, "Na hawangekuuliza. Shahidi wa nini tena?"

Tangu nishuke kwenye pikapu nafikiria yule mwamuzi wa zamani, aliyekimbia kwenye theluji akauliza swali moja kisha akainua ngumi. Sijui aliona nini usoni mwa yule kijana. Leo mimi nadhani niliona kitu hicho hicho, kwenye uso uliokunjamana, na sina neno lake. Nimeona majengo ya huku, nimeona mto mkubwa umeganda, nimeona magari yanaegeshwa juu ya ziwa lililoganda, na hakuna kilichonifanya nisimame vile.

Mama Neema, mke wangu, najua unasomewa hapa na dada yako. Nimeshakutajia kurudi Desemba mara nyingi, kila mara nikiamini kidogo kuliko mara iliyotangulia. Leo na mimi nasema sikudaka: Desemba hii siji. Msininunulie mbuzi wa kunipokea. Kazi ya theluji ndiyo inayolipa ada ya shule ya binti yetu Neema, na siwezi kuiacha katikati. Mwakani mwezi wa kumi na moja, nyasi zikishalala na kabla theluji haijaanza, nitapanda ndege. Niulize tena Septemba ya mwaka huo. Ikiwa imeshindikana, nitakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu.

Novemba ya mwakani.