Sindano ya Darasa la Sita

Chonyonyo, 14 Machi 1986

Dokta Komu usiye na koti!

Shikamoo dada. Habari za wodini, muuguzi wetu, miguu bado inavimba kwa kusimama? Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, kahawa imechanua mpaka inanukia darasani.

Dada, leo sijalala kwa furaha! Walisema sisi walimu wa UPE, tulioishia darasa la saba, tunajua chaki tu, sasa waje waone. Wiki jana nilichomeka shina changa la mgomba kwenye wino wa buluu, watoto wakaona maji yanavyopanda. Jana nikatengeneza hadubini. Kweli! Nilikunja waya wa breki ya baiskeli ukawa kitanzi, nikaweka tone la maji, ukichungulia, mguu wa sisimizi unakuwa kama wa ng'ombe.

Basi nikasema leo tuone damu. Nikachukua sindano ya kushonea ya Costansia (ndiyo, yule mchumba wangu, usicheke). Watoto wakaogopa, nikajichoma mimi kwanza. "Mwalimu hakulia!" Baada ya hapo wakagombana: "Mimi! Mimi kabla ya Xaveri!" Nikawachoma wote thelathini na wanane. Zile chembe za kwenye kitabu hatukuziona, tuliona wekundu tu. Lakini wamekariri mzunguko wa damu wote!

Mdogo wako,
Gozbert

Hospitali, 9 Aprili 1986

Mdogo wangu Gozbert,

Marahaba. Mimi mzima, miguu ndiyo hiyo. Umenichekesha na sisimizi wako, nimewasomea wenzangu.

Neno moja tu. Ile sindano, ulikuwa unaichemsha kila ukimaliza mtoto? Nijibu hilo. Huku tunapokea watu wa rika letu wanaokonda mpaka shuka inaonekana nzito juu yao. Madaktari wenyewe wananong'ona.

Msalimie mama.

Dada yako,
Komujuni

Chonyonyo, 20 Novemba 1986

Dokta Komu,

Shikamoo. Hujambo? Samahani kwa kimya, kazi nyingi! Senene wameanguka wiki hii, mama amekuwekea kopo zima.

Mkaguzi alikuja, akaniita mbele ya walimu wote. Anataka nikawaonyeshe wenzangu kule Rubwera namna ya kufundisha sayansi kwa vitu vya hapahapa. Mimi, dada! Wa darasa la saba!

Uliuliza kuhusu kuchemsha. Nilikuwa nafuta kwa kitambaa. Kisafi. Kuchemsha mara thelathini na nane kipindi kingeisha.

Costansia si mzima sana. Homa haimwachi, amerudi kwao Mabira apumzike. Tumesogeza harusi mpaka baada ya Pasaka.

Mdogo wako,
Gozbert

Hospitali, 16 Februari 1987

Gozbert,

Natumaini u mzima. Nimetoka kwenye mafunzo ya wiki mbili. Huo ugonjwa wa kukonda sasa una jina, UKIMWI. Unapita kwa wapendanao, na unapita kwa damu. Tumekatazwa kabisa kumchoma mtu sindano iliyomgusa mwingine.

Umeniambia ulijichoma wewe kwanza. Costansia anaendeleaje? Usinifiche. Usiwachome watoto tena. Na uje upimwe.

Dada yako,
Komujuni

Chonyonyo, 30 Agosti 1987

Dada,

Shikamoo.

Tumemzika Costansia Jumamosi. Nilimbeba peke yangu kutoka kitandani, hakuwa na uzito wa debe la kahawa. Wajomba zake hawakunipa mkono.

Nitakuja nipimwe. Mkanda wa suruali nimeutoboa tundu jingine, lakini labda ni majonzi tu. Sivyo? Niambie ni majonzi.

Gozbert

Hospitali, 2 Novemba 1987

Mdogo wangu mpenzi,

Unaendeleaje tangu tulipoachana kituo cha basi, siku uliyokuja kupimwa? Majibu ya damu yako yamerudi. Sitayaandika kwenye karatasi. Njoo ulale kwangu, nitapika.

Kuhusu watoto, nilimwuliza daktari bila kutaja jina lako. Anasema kwa mchomo mdogo vile, huenda hakuna hata mmoja aliyepata. Huenda. Mwezi wa kwanza kuna timu itapita Karagwe kupima. Ila mtoto hapimwi bila mzazi kukubali, na mzazi hawezi kukubali asichoambiwa. Mwenye kuwaambia ni wewe.

Dada yako anayekupenda,
Komujuni

Chonyonyo, 9 Januari 1988

Dokta Komu wangu,

Shikamoo dada. Nilifika salama. Ulipofungua mlango na kunikumbatia kabla ya salamu nilijua, lakini ahsante kwa kuniambia kwa mdomo wako.

Timu inakuja Alhamisi. Nimemwambia mwalimu mkuu, mzee Melkiory. Alifunga dirisha kwanza. "Kijana, unajua utafanya nini? Shule itachomwa. Na hao wasichana, hata wakiwa wazima, nani atawaoa? Nyamaza. Huenda hamna kitu." Huenda, dada. Neno lako lilelile.

Nikaandika majina yote thelathini na manane, kwa zamu walivyochomwa. Nikaamua nianze nyumba kwa nyumba, nisingoje mkutano. Lakini leo asubuhi, kabla sijatoka, mzee Byabato amekuja mwenyewe. Ni baba yake Anonciata. Amebeba kibuyu cha rubisi, pombe yake ya ndizi, na jogoo. Binti yake amechaguliwa sekondari, wa kwanza kwenye ukoo wao. "Mwalimu," ameniambia, amenishika mikono yote miwili, "mtoto anasema atakuwa daktari. Anasema ni ile siku mlipotazama damu. Wewe ndiye uliyemfungua macho!"

Nimemkaribisha akae. Nimemwambia namalizia barua ya dada yangu, namjia sasa hivi. Anamimina rubisi kwenye vikombe viwili, anaimba kidogo kidogo. Anonciata ni jina la kwanza kwenye orodha. Alichomwa mara baada yangu, sindano nimeifuta tu, bado ina unyevu wa damu yangu.

Dada, anageuka ananitazama. Wewe ungeanza na neno gani?

Mdogo wako,
Gozbert